Wikendi ya mwanzo wa Mei, pwani ya Northumberland: tuanze kupanga na nini?

Mgeni_wa_Leeds

Wakuu, habari zenu.

Tunataka kwenda pwani ya Northumberland, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, ile wikendi ya mwanzo wa Mei ambayo Jumatatu yake ni mapumziko. Tutatoka Leeds Ijumaa mchana, turudi Jumatatu. Tuko wanne: mimi na mwenzangu, mtoto wa miaka 7, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mama anatembea vizuri mahali tambarare, ila ngazi na mchanga laini vinamtesa magoti.

Tunayoyataka ni matatu: kuvuka kwenda Holy Island (wengine wanapaita Lindisfarne), kupanda boti kuona pafini (ndege wa baharini) kwenye visiwa vya Farne, na mtoto apate muda wa kutosha wa kuchezea mchanga. Gari tunalo, lakini kama treni ina nafuu tuko tayari kuliacha.

Tulale wapi? Siku tuzipange vipi? Na chakula cha huko kikoje kwa watu wasiokula kisicho halali? Naombeni maelezo ya kina, nisije nikalipia vitu visivyorudishwa kisha ratiba ikagoma.

---

Jahazi_Kaskazini

Kabla hujalipia chochote, tafuta jedwali la maji la wikendi hiyo. Malazi, boti na hata saa ya chakula cha mchana vitafuata hapo. Wengi huanza na hoteli, kisha wanagundua kwamba saa pekee wanayoweza kuvuka ndiyo ile waliyokwisha kulipia boti.

Barabara ya kwenda Holy Island inapita juu ya mchanga wa pwani, na bahari huifunika mara mbili kila siku. Kwa makadirio, inafungwa kuanzia saa mbili kabla maji hayajajaa kabisa hadi kama saa tatu na nusu baada ya kujaa. Hayo ni ya kukusaidia kupanga tu. Saa rasmi za kuvuka kwa usalama hutolewa na Northumberland County Council kwenye tovuti yao, na zimebandikwa pia barabarani pande zote mbili. Siku ya safari fuata hizo tu. Jedwali la kawaida linakueleza maji yanajaa lini, halikuelezi lami inafunikwa lini.

Mama mkwe wako mhusishe kwenye hili, kwa kuwa mtu wa Tanga anajua bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) bila kufundishwa. Pwani hiyo ina tabia inayokaribiana na ya kwetu: siku za bamvua, yaani siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hujaa alfajiri na tena alasiri. Siku za maji mafu hujaa asubuhi na tena usiku wa mapema. (Saa nitaziandika kwa mtindo wa saa 24 ili zilingane na majedwali yao.)

Maana yake kwenu ni hii. Wikendi ikiangukia bamvua, maji yanajaa mnamo 15:00 hadi 16:30, kwa hiyo kisiwa ni cha asubuhi: mnavuka mapema na kutoka kabla ya 12:00 au 13:00. Ikiangukia maji mafu, yanajaa mnamo 9:00 hadi 11:00, kwa hiyo asubuhi ni ya boti na kisiwa ni cha kuanzia mchana hadi jioni. Kwa familia yenye mtoto na mtu mzima, wikendi ya maji mafu ni rahisi zaidi, hakuna kukimbizana kuamka.

Sasa, watu wanakosea wapi hadi kila mwaka magari yanazama?

Kwanza, sehemu ya chini kabisa ya barabara ipo karibu na daraja, upande wa bara. Anayetoka kisiwani akiwa amechelewa anaona lami kavu mbele yake, anaendesha kwa amani, halafu anakutana na maji mwishoni mwa safari. Kugeuza anashindwa, kwa sababu nyuma nako kunaanza kufunikwa. Hapo darajani kuna kibanda cheupe kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye ngazi, ndicho cha kukimbilia. Ukifikia kupanda kile, gari limekwenda: maji ya chumvi yakiingia kwenye injini na nyaya halitengenezeki, na bima inaweza kukataa kulipa kwa sababu saa zilikuwa zimebandikwa.

Pili, saa zile zimepigiwa hesabu kwa hali ya hewa ya kawaida. Upepo mkali au mgandamizo mdogo wa hewa huleta maji mapema na kuyachelewesha kuondoka. Siku ya upepo jipunguzie nusu saa kila upande.

Tatu, majedwali mengine ya maji huandikwa kwa saa ya GMT mwaka mzima. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi, saa za Uingereza husogezwa mbele saa moja, hivyo lazima uongeze saa moja mwenyewe. Soma juu ya jedwali limeandikwa kwa saa ipi kabla ya kunakili.

Nne, kumfuata aliye mbele yako. Gari lililo mbele linaweza kuwa la mgeni kama wewe.

Jambo dogo ambalo ramani haikuambii: kati ya barabara kuu ya A1 na pwani, pale Beal, mnavuka reli ya London–Edinburgh kwa kizuizi cha kushuka. Kikiteremka mnaweza kukaa dakika kadhaa, na treni zikipishana ni zaidi. Usipange kufika ukingoni dakika tano kabla ya kufungwa.

Piga picha ya jedwali kwenye simu, mtandao kule hukatika.

---

Shakwe_wa_Tyne

Nitajibu la boti.

Boti za Farne zinatoka bandari ya Seahouses. Ziko safari za kuzunguka tu, kama saa moja na nusu, na za kuteremka kisiwani, ambazo huchukua takriban saa mbili na nusu hadi tatu. Ukiteremka unalipa mara mbili: nauli ya boti kwa mwenye boti, na kiingilio cha kisiwa kwa National Trust, shirika la uhifadhi linalomiliki visiwa hivyo. Wanachama wa National Trust hawalipi kiingilio, ila waje na kadi zao. Watu wengi hufika gatini wakidhani tiketi ya boti inajumuisha vyote.

Pafini wapo kuanzia mwishoni mwa Machi au Aprili hadi karibu mwisho wa Julai. Mwanzo wa Mei ni wakati mzuri, wengi wameshaingia kwenye mashimo yao ya ardhini kutaga. Usimwahidi mtoto kwamba atawaona wamebeba samaki midomoni, hiyo ni ya baadaye, makinda yakishaanguliwa. Sili wa kijivu wapo mwaka mzima, wamelala juu ya miamba, na boti husogea karibu kiasi cha kuona sharubu zao.

Kuna pia buabua, ndege weupe wenye kofia nyeusi na mdomo mwekundu, wanaosafiri kutoka upande wa Antaktika kuja kuzaa huku. Wakishaanza kutaga, kuanzia katikati ya Mei, humshambulia mtu kichwani, na mdomo ule hutoboa ngozi. Kwenu mwanzo wa Mei watakuwa hawajakasirika sana, lakini kila mtu avae kofia nene, si mtandio mwepesi peke yake.

Kuhusu magoti ya mama: unaingia kwenye boti kwa ngazi za mawe za gati. Maji yakiwa yamekupwa, ngazi zinazotumika ni nyingi, na zile za chini zina mwani unaoteleza. Maji yakiwa yamejaa, unashuka chache tu. Kwa hiyo mtafutieni safari iliyo karibu na maji kujaa. Kule kisiwani kuna kupanda tena, kwa hiyo ningewashauri mama achukue safari ya kuzunguka tu. Pafini atawaona vizuri kutoka kwenye boti, wakielea na kuruka pembeni kabisa. Pigeni simu kabla ya kulipa, muulize: ngazi ngapi saa hiyo, kuna mtu wa kumshika mkono, na boti ina sehemu iliyofunikwa au ni wazi yote?

Boti huahirishwa kwa sababu ya mawimbi, si mvua. Upepo wa kutoka kaskazini au mashariki ukivuma siku mbili mfululizo, bahari inabaki imechafuka hata jua likiwaka. Kwa hiyo wekeni boti siku ya kwanza, Jumamosi, ili ikiahirishwa mhamie Jumapili. Anayeiweka siku ya mwisho hana pa kuihamishia.

Mwezi huo mchana joto la pwani huwa nyuzi 11 hadi 13 hivi, na baharini kwenye upepo unalisikia chini ya hapo. Fulana ya ndani, sweta, kisha koti lisilopitisha upepo wala maji, glavu na soksi nene. Sweta tatu bila koti la kuzuia upepo hazisaidii kitu. Mwenye kichefuchefu cha bahari anywe dawa kabla ya kupanda kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ukishaanza kutapika imechelewa.

---

Reli_na_Basi

Kwa msafara wenu gari linafaa zaidi, nasema hivyo ingawa napenda treni. Kisiwa ndicho kinachoamua: basi la 477 la kutoka Berwick kwenda Holy Island linatembea siku chache tu, na ratiba yake inahama kufuata maji.

Kwa anayesoma uzi huu bila gari: teremka Alnmouth au Berwick-upon-Tweed, zote ziko kwenye reli ya pwani ya mashariki. Basi la X18 linaunganisha Newcastle, Alnwick, Seahouses, Bamburgh na Berwick. Halipiti mara nyingi, kwa hiyo usiachie la mwisho. Ukiwa na mtoto, kadi ya reli ya Family & Friends hupunguza theluthi moja ya nauli ya mtu mzima na asilimia 60 ya mtoto wa miaka 5 hadi 15. Lazima mtoto asafiri nanyi, vinginevyo haitumiki. Tiketi za bei nafuu za kununua mapema hutoka takriban wiki 12 kabla, lakini wikendi za mapumziko ya kitaifa ndizo reli inazopenda kufanyiwa matengenezo. Angalia kwanza kama njia yako haitafungwa na watu kupakiwa kwenye mabasi.

Kwa gari, Leeds hadi Seahouses ni kama maili 145, karibu saa tatu bila foleni. Ijumaa ya wikendi ndefu foleni ipo. Ukivuka Newcastle na Morpeth, A1 inabanwa vipande virefu kuwa njia moja kila upande, na trekta moja linakusanya magari hamsini. Usijaribu kulipita, ajali mbaya za barabara ile zinatokea hapo. Tokeni Leeds kabla ya saa sita mchana mkiweza. Jazeni mafuta na kununua vyakula Alnwick, kwa sababu zaidi ya hapo maduka ni madogo na bei iko juu.

---

Jikoni_Kwetu

Dada, la chakula ni hili, na wengi hawalijui: maduka mengi ya samaki na chipsi ya kaskazini mwa Uingereza hukaangia mafuta ya ng'ombe. Samaki ni halali, chipsi ni viazi, ila vyote vimeogelea kwenye mafuta ya mnyama ambaye hujui alichinjwaje. Kuagiza chipsi peke yake hakusaidii, kikaangio ni kilekile. Uliza moja kwa moja: mnakaangia mafuta ya ng'ombe au ya mimea? Hawakasiriki, wanaulizwa kila siku na wasiokula nyama pia. Uliza tena kama soseji zinapita kwenye kikaangio hichohicho.

Nyama ya halali nunueni Leeds, muigandishe, mwende nayo kwenye kisanduku cha barafu. Kwa hiyo malazi yenu yawe na jiko: nyumba ya likizo au karavani, hoteli iacheni. Kula nje wikendi ndefu bila kuweka nafasi ni shida hata kwa asiye na masharti, na majiko mengi ya vijijini yanazimwa saa mbili usiku.

Karavani ni nafuu, lakini ulizeni mambo haya kabla ya kulipa: joto la ndani lipo vyumba vyote au sebuleni tu? Gesi na umeme vimo kwenye bei? Shuka na taulo? Mlangoni kuna vipandio vingapi? Usiku wa Mei pale unaweza kushuka hadi nyuzi 5, na mtu aliyetoka Tanga hawezi kulala chumba kisicho na joto. Kwa nyumba, takeni chumba cha kulala cha chini na bafu la kuoga umesimama. Nyumba nyingi za zamani zina beseni refu la kuogea lenye ukingo wa juu, na mama mwenye magoti mabovu hawezi kuinua mguu kulivuka.

Mahali: Seahouses ndiyo katikati ya kila mnachotaka. Bandarini ni tambarare, mabenchi yapo, boti mnaifikia kwa miguu. Bamburgh ni pazuri zaidi kwa macho kwa sababu ya ile ngome juu ya mwamba, ila bei ni kubwa, na kufika ufukweni lazima mpite vilima vya mchanga laini.

---

Mgeni_wa_Leeds

Asanteni sana, nimeshaanza kufuta niliyokuwa nimepanga.

Nimeangalia jedwali, na limeandikwa kwa saa ya sasa ya Uingereza. Ni maji mafu. Jumamosi maji yanajaa 9:40, Jumapili 10:50, Jumatatu mchana. Mama ndiye aliyelisoma, kwa kweli. Hapo mngepangaje? Na mtoto anaweza kuogelea?

---

Jahazi_Kaskazini

Imekaa vizuri. Jumamosi boti ya 9:30 au 10:00, maji yakiwa juu, ngazi chache. Mchana pumzikeni. Maji yatakuwa yamekupwa kabisa karibu 15:50, na hapo ndipo mtoto apelekwe mchangani Beadnell, dakika chache kusini mwa Seahouses, ambako maegesho yapo karibu na ufuko. Mchanga ambao maji yametoka kuuacha ni mgumu, mama atautembea kama sakafu. Tabu ni ile hatua ya kwanza ya mchanga mkavu, mshikeni mkono hapo.

Jumapili kisiwa. Kwa makadirio barabara itafunguka 14:20 hivi na kufungwa karibu 21:00, lakini thibitisheni kwenye saa rasmi. Kutoka Seahouses hadi kijijini ni kama dakika 40. Msiwe wa kwanza kusubiri ukingoni, fikeni nusu saa baada ya kufunguka, foleni ikiwa imepungua. Maegesho ni ya kulipia, yapo mwanzo wa kijiji, na kijiji chenyewe ni tambarare. Magofu ya nyumba ya watawa ndiyo ya kumpeleka mama. Mtawa Aidan alianzisha utawa hapo mwaka 635, Waviking wakapavamia 793, na kuta mnazoziona leo ni za jengo la baadaye. Ngome ya kisiwani ina mteremko wa mawe usio sawa, itazameni kwa mbali. Kwa kuwa mtaingia mchana, angalieni saa za kufunga, milango hii hufungwa mapema jioni. Kabla ya 19:30 muwe mmerudi bara, msisubiri dakika ya mwisho.

Boti ya Jumamosi ikiahirishwa, ihamishieni Jumapili 10:00 au 11:00, na kisiwa kinabaki palepale alasiri. Hii ndiyo raha ya maji yenu.

Kuogelea, hapana. Mwezi Mei maji ya pale yana nyuzi 8 hadi 10 tu. Mtu akitumbukia ghafla anavuta pumzi bila kutaka, na akiwa chini ya maji anavuta maji. Hata muogeleaji hodari wa Bahari ya Hindi hupatwa na hilo. Fukwe nyingi za huko zitakuwa bado hazina walinzi. Achezee maji ya vifundoni akiwa na buti za mpira, na msichukue boya wala kitanda cha kupulizwa: upepo wa kutoka bara unakipeleka mbali kwa dakika chache. Mtu akianguka majini alale chali aelee, atulie hadi pumzi irudi, ndipo aogelee au apige kelele. Mliopo nje pigeni 999 muombe walinzi wa pwani, yaani Coastguard, wala asiingie mwingine kumfuata.

---

Shakwe_wa_Tyne

Naongezea ukungu. Aprili na Mei hewa ya joto ikipita juu ya Bahari ya Kaskazini iliyo baridi, ukungu mzito huzaliwa na kusukumwa ufukweni na upepo wa mashariki. Pwani mnaweza msione hatua hamsini na joto likashuka nyuzi kadhaa, wakati Alnwick, maili chache bara, jua linawaka. Kwa hiyo mkiamka na ukungu msikae ndani kuungoja, ingieni bara: Alnwick kuna bustani, ngome, na duka kubwa la vitabu vya mitumba ndani ya stesheni ya zamani ya reli, lenye viti na moto wa kuota. Kama ni mvua ya kawaida, makumbusho ya Grace Darling pale Bamburgh hayana kiingilio. Grace alikuwa binti wa mlinzi wa mnara wa taa, aliyepiga makasia na baba yake mwaka 1838 kuokoa watu wa meli ya Forfarshire iliyovunjika kwenye miamba ya Farne. Mtoto akiwa ametoka kuiona miamba ile kwenye boti, atayaelewa.

---

Mgeni_wa_Leeds

Nimepata nyumba Seahouses, usiku tatu, chumba cha chini kipo. Wameniandikia bafu ni "la kisasa" bila kusema zaidi.

---

Jikoni_Kwetu

Waambie wakutumie picha ya bafu, sakafu ionekane, na uulize ukingo una urefu wa sentimita ngapi. Ukizidi 15, omba kiti cha kuogea au tafuta nyumba nyingine kabla muda wa kurudishiwa fedha haujapita. Na usisahau kuuliza saa ya kuingia. Nyumba nyingi hufunguliwa 16:00 na mnatakiwa kutoka 10:00, kwa hiyo Jumatatu mizigo iwe kwenye gari mapema na nyama iliyobaki irudi kwenye kisanduku cha barafu.